Nilimfunga Mzee Kitandani kwa Bendeji

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani natafuta wa kumsukumia. Mzee wa watu amekufa, mimi niko hai, nakula, nalala, na hakuna askari aliyewahi kunigongea mlango.

Waliokuwa pale wanajua nilimwangusha. Hawajui nililofanya baada ya hapo. Hata mke wangu sikumwambia, na sasa hayupo wa kuambiwa. Basi nawaambia ninyi, maana uso wangu hamuuoni.

Mimi ni Mhehe, mtoto wa Mlandege, Iringa mjini. Nilikwenda vitani Burma nikiwa kijana, nikarudi na hasira ambayo mama yangu alisema siyo ile niliyoondoka nayo. Nilipiga watu kwa mambo ya kijinga. Mtu akinikanyaga sokoni, ngumi. Mtu akichelewa kuitika, kofi. Halafu nikapata kazi hospitali, upande wa Mbeya, sitaitaja ni ipi. Mhudumu wa wodi ya wanaume. Kuwaosha wagonjwa, kuwageuza, kumwaga vyombo vya haja. Lo! Mtu kama mimi kupewa wazee awatunze!

Sista wetu alikuwa Mzungu, mfupi, mwekundu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. "Wewe hapana kaa. Wewe hapana cheka." Tulimzoea. Na wazee wengi wa milimani walisema Kiswahili hicho hicho, maana walikiokota kwenye mashamba ya Wazungu. Mimi nilijiona bingwa wa kukielewa. Mzee akisema "hapana weza", hawezi. Akisema "hapana ona", haoni. Kumbe sijui lolote!

Msimu wa baridi akaletwa mzee mmoja Mnyakyusa kutoka huko juu Rungwe. Nitamwita Mzee Ambakisye. Mrefu, mkavu, kifua kinamkoroma. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ukimpa maji anasema "ndaga", ndiyo asante ya kwao, na kichwa anainamisha kama vile wewe ni mkubwa wake. Tulimpa kitanda cha mwisho, karibu na ukuta. Vitanda vyetu vilikuwa vya chuma, vimeinuka juu, na chini ni saruji tupu.

Siku hizo hizo tukaletewa mfagiaji mpya, mwanamke kijana, naye Mnyakyusa. Nitamwita Tupo. Mumewe alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu. Kazi yake ilikuwa kufagia, kupiga deki na kugawa uji.

Siku ya kwanza Tupo anaingia wodini na ndoo yake, Mzee Ambakisye alishuka kitandani kama mtu aliyeona nyoka ndani ya shuka. Alishukia upande wa ukutani. Miguu haina nguvu, akaenda chini, puu! Paji la uso likapasuka. Nilimkuta amejikunja mvunguni, blanketi kichwani, damu inamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"We mzee, una wazimu?"

"Mimi hapana ona yeye," akasema.

"Nani?"

"Yule mama. Mimi hapana ona yeye."

Nikamwinua, nikamfuta, nikaenda kwa Sista kifua mbele. Nikamwambia huyu mzee macho yake mabovu, haoni watu, anashuka kitandani hajui alipo. Sista akamwambia Dakta. Dakta akammulika kwa tochi, akakuta utando kidogo, kama wazee wote. Basi ikawa imekwisha. Mzee nusu kipofu, aangaliwe asianguke. Mimi ndiye niliyempofusha, kwa mdomo wangu.

Sista alinisimamisha katikati ya wodi, mbele ya wagonjwa wote. "Mzee anguka tena, wewe kwenda Iringa." Yaani kazi hakuna. Wagonjwa wakacheka, na yule Msafwa wa kitanda cha jirani, aliyekatwa mguu, alicheka mpaka akakohoa. Mimi kuchekwa! Nilisikia joto linapanda mpaka masikioni.

Sista aliagiza mbao za kuzuia zipigiliwe pembeni mwa kile kitanda. Fundi seremala akasema kesho. Kesho yake akasema kesho.

Na mzee akaanguka tena. Ilikuwa asubuhi, Tupo anagawa uji. Safari hii kiwiko kilichubuka mpaka nyama nyekundu ikaonekana. Nilimnyanyua kwa ukosi wa shati. Nikampiga kofi. Jamani! Mzee wa umri wa babu yangu, nikampiga kofi la askari! Jino lake moja, katika yale machache yaliyobaki, likaangukia kwenye shuka.

Hakulia. Aliliokota jino lake, akalifunga kwenye pindo la nguo, akaniambia tena polepole, kama anayemfundisha mtoto:

"Mimi hapana ona yeye. Baya. Baya sana."

"Najua ni vibaya," nikamjibu. "Ndiyo maana nakwambia utulie!"

Barazani alikuwapo Mnyakyusa mwingine, dereva wa lori, amelazwa na wenye kifua kikuu. Si mbali, ni kutoka mlangoni tu. Ningemwita amsikilize mzee kwa lugha yao, mambo yote yangekwisha siku hiyo. Sikumwita. Kuuliza niliona ni unyonge.

Na Tupo nilimwona, si kwamba sikumwona. Anafagia wodi nzima, akifika karibu na kile kitanda anageuka. Bakuli la mzee anamwachia yule Msafwa ndiye ampasie. Mimi nikasema huyu ni mvivu, na maringo juu. Nilimtukana mara nyingi, na hakunijibu hata mara moja.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapoona haya.

Asubuhi moja nilichukua bendeji kabatini. Hakuna aliyeniagiza, si Sista wala Dakta. Nikamfunga Mzee Ambakisye mikono yote miwili kwenye vyuma vya kitanda, fundo la jeshini, lile ambalo ukivuta linazidi kukaza. Hakushindana nami. Nadhani alifikiri ni dawa. Nilipomaliza akasema, "Ndaga."

Tupo akaingia na ndoo ya uji. Nikamwambia, "Leo utamlisha huyu mzee kwa mkono wako. Haoni, na mikono imefungwa."

Akasimama pale pale. "Kaka, siwezi kufika pale. Kuna heshima."

"Heshima gani? Wewe mfagiaji una heshima ya kumshinda mgonjwa?"

"Sivyo, kaka. Nakuomba. Niache nimwite mwingine."

"Mwite yeye! Sema, Mzee Ambakisye, fungua mdomo!"

Tupo akaweka ndoo chini, akaziba masikio. Haki ya Mungu, mtu mzima kaziba masikio mbele yangu! Nikaona nimedharauliwa. Nikamshika ukosi wa gauni kwa nyuma, nikamwambia beba ndoo yako, nikaanza kumburuta kati ya vitanda. Yeye anarudi nyuma, mimi navuta, uji unamwagika njia nzima. Wagonjwa wanaguta, "Mwache! Mwache!" Sikumwacha.

Mzee alipotuona tunamjia, alitoa sauti ambayo hata vitani sikuisikia. Akavuta mikono. Bendeji zikakaza. Akavuta tena, akajirusha upande wa ukutani kwa nguvu zake zote, mwili ukashuka, mikono ikabaki juu. Nilisikia bega likiachia. Kisha kitanda chenyewe kikainuka miguu miwili, kikamfuata chini. Kile chuma cha ubavuni kilimpiga kwenye nyonga. Kah! Kama kuni kavu.

Blanketi na nguo aliyojifunga kiunoni vilinasa kwenye vyuma vya kitanda. Mzee wa watu akalala uchi kwenye saruji mbele ya wodi nzima, na hawezi kujifunika kwa sababu mikono nimeifunga mimi.

Na Tupo? Tupo alishageuka zamani. Alikuwa amevuta kanga yake yote kichwani, uso ameuelekeza mlangoni, analia. Nikaivuta ile kanga. Akaing'ang'ania. Nikaivuta tena, ndipo akarusha ndoo nyuma bila kuangalia. Uji wa moto ukanimwagikia shingoni, na ukingo wa ndoo ukanipata sikioni. Nikaona nyota. Nikampiga ngumi, hapo alipo, juu ya kanga, sijui mdomo, sijui jicho. Akaanguka. Akaondoka kwa kutambaa, kanga bado kichwani inaloa damu, anapapasa miguu ya vitanda mpaka akaupata mlango.

Mara fimbo mgongoni. Yule Msafwa amesimama kwa mguu wake mmoja, ananipiga kwa mkongojo, analia huku ananipiga. Akaja mwingine na chombo cha haja, na kilichokuwamo. Nikawapiga na wao. Nilimpiga Msafwa mpaka akakaa chini. Nasema yote, sifichi. Wodi ikawa vita, wagonjwa na mlinzi wao.

Yule dereva, Tupo amekwisha kumweleza hapo nje, akaja kutoka barazani, anakohoa, amejishika ukutani. Alipiga kelele mpaka mishipa ikamtoka. "We Mhehe! Ni mkwewe huyo! Ni mke wa mwanawe!"

Nilisimama na ngumi yangu juu. Akanieleza pale pale, huku anamfunika mzee kwa blanketi. Kwao mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hapiti alipo, hali alipo, jina lake halitaji. Wakikutana njiani mwanamke anaingia majanini mpaka mzee apite. Hata waliobatizwa wengi wanaishika mila hiyo. Si chuki, ni heshima yenyewe. Tupo alikuwa akiuficha ule ukwe ili asipoteze kazi, na mzee alikuwa akishuka kitandani ili amwachie binti wa watu njia.

"Hapana ona yeye." Hakusema haoni. Alisema haifai amwone!

Na sisi Wahehe tunayo yetu na mama mkwe! Mimi mwenyewe nilishapinda njia Mlandege nikimwona mama wa mke wangu anakuja na mtungi. Ningeuliza swali moja tu ningeelewa kabla mtu hajamaliza kunieleza.

Sista alinifukuza palepale. Dakta akasema nibaki nioshe vyombo mpaka apatikane mwingine. Laiti wangenitoa saa ile ile! Ningekuwa na dhambi moja, ile wanayoijua watu.

Kesho yake alasiri nilipita wodini na jagi la maji. Sikio linatoa maji, shingo imebabuka, kila mgonjwa ananitazama kama mbwa aliyeiba nyama. Sikuwa na majuto, msinidhanie mema. Nilikuwa na hasira. Nilimchukia Tupo, nilimchukia Msafwa, na yule mzee nilimchukia kuliko wote, eti kwa nini hakusema vizuri!

Mzee alikuwa amelala chali, bega limefungwa, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito. Akaniita.

"Bwana."

Aliniita bwana, mimi! Nikasogea.

"Bwana, yeye naona mimi?"

Safari hii nilielewa. Alikuwa anauliza kama mkwewe alimwona pale chini, vile alivyokuwa. Yale macho niliyosema mabovu yalinitazama sana, wala hayakupepesa. Hakuuliza nyonga itapona lini. Hakuuliza nitafungwa au sitafungwa. Alitaka kujua hilo tu.

Nililijua jibu. Nilikuwa nimemshika ukosi Tupo kwa mkono wangu, nilijua amegeukia wapi. Kanga ile niliishindania mimi mwenyewe, na sikuweza kuitoa. Hakuona kitu.

Nikainama sikioni kwake, nikamwambia kwa Kiswahili chake, ili asikose kuelewa:

"Naona. Naona yote."

Yesu wangu! Nilisema hivyo, nikaenda zangu na jagi.

Mzee aligeuza uso akaangalia ukuta. Jioni uji akakataa. Asubuhi akakataa. Maji akakataa, dawa akakataa. Msafwa alimbembeleza, dereva alikuja akamsemesha Kinyakyusa, akakaa kitandani kwake kutwa nzima. Sista alimziba pua ili ameze, akatema. Mimi nilikuwa nasugua sufuria jikoni, nasikia wanavyomsihi. Ningeingia nikamwambia, Mzee, nimekudanganya. Niliwaza hivyo zaidi ya mara moja. Nikasugua sufuria.

Akafa. Dakta akasema ni nyonga na kifua. Watu wote pale hospitali wakasema ni nyonga na kifua.

Mwanawe akaja kutoka Chunya. Alinikuta nyuma ya soko, akaniuliza kama ni mimi, nikamwambia ni mimi. Alinipiga kwa fimbo mpaka ikavunjika, akanipiga kwa viatu vya mgodini. Mbavu zililia. Sikuinua mkono, mara ya kwanza tangu vitani. Alipochoka akachuchumaa kando yangu, akaanza kulia kama mtoto.

"Mke wangu hali chakula," akasema. "Anasema yeye ndiye aliyemwua baba. Anasema angeacha kazi siku ile ya kwanza, baba angekuwa hai." Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Baba alisema nini mwishoni?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa damu, lakini kusema ningeweza.

"Hakusema kitu," nikamjibu.

Basi ndivyo nilivyoondoka Mbeya. Sikio lile halikusikia tena. Mke wangu alipopata habari kwamba nimempiga mzee kofi na nimempiga mwanamke ngumi, alikunja nguo zake mbele yangu. Aliniuliza kama kuna jingine zaidi. Nikasema hakuna. Akarudi kwao, na sikumfuata. Sasa niko Mufindi, nachuma chai ya watu, nalala kwenye kambi ya vibarua. Mtu akiniudhi naenda kusimama nje kwenye ukungu mpaka mikono ife ganzi.

Ningenyamaza mpaka kaburini. Lakini juzi dereva mmoja wa lori la chai, si yule wa hospitali, mtu wa Tukuyu, alikuwa anapiga soga tunapakia magunia, akasimulia habari ya mwanamke wa kwao aliyemwona baba mkwe wake uchi hospitalini, mzee akafa kwa aibu. Anasema amerudishwa kwa wazazi wake. Anasema kisimani wenzake wanamwachia nafasi, hawachoti naye. Mwenyewe anaapa hakumwona. "Wewe ungemsadiki?" dereva akaniuliza, anacheka. Niliacha gunia likaanguka.

Kwa hiyo hili si la kwangu tu. Mtu wa Rungwe unayesoma hapa, uliye na mdomo, lichukue ulipeleke. Mwambie baba yake Tupo, mwambie mumewe, waambie wale wa kisimani. Yule mwanamke hakumwona mkwewe. Aliburutwa kwa nguvu, akajifunika, akapigwa akiwa amejifunika, akatambaa kutoka nje akiwa amejifunika. Mimi ndiye niliyemshika, na mimi ndiye niliyemdanganya mzee. Mumewe akitaka kunipiga tena, aje Mufindi aulize Mhehe kiziwi. Wataniita.

Na ninyi mnaofanya kazi wodini, mnaopokea wazee wasiojua lugha yenu! Mzee akishuka kitandani hovyo, msikimbilie bendeji wala kofi. Tafuteni mtu wa kwao, hata kama yuko barazani anakohoa, mumuulize huyu mzee anataka nini. Mkiwa na hasira tokeni nje. Msiwajibu wagonjwa mkiwa na hasira, hata neno moja, maana mimi Mzee Ambakisye aliniuliza kitu kimoja tu, na angeendelea kula uji wake kama ningemjibu "hapana".